Ugali Wenye Kitovu

Mwiko ulipinda.

Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa pale, nimesimama na karai la sukuma wiki mkononi. Mwiko uliingia kwenye ugali wa watu wa matanga ukiwa umenyooka, ukatoka umeinama kama mtu anayeomba msamaha.

Kisha kichwa chake kikang'oka. Kikazama ndani ya ugali, na ugali ukakifunika.

Akina mama wa Otonglo wakanyamaza wote. Wueh! Kama hujawahi kusikia akina mama wa jikoni matangani wakinyamaza kwa pamoja, usiombe.

Mwenye mwiko alikuwa Beldina, jirani yangu. Lakini aliyekuwa karibu kupoteza jina lake siku hiyo si Beldina. Ili uelewe, lazima nikurudishe kidogo Nyamasaria, mtaani kwetu.

Ruhusa ninayo. Beldina mwenyewe alisema, "Mama Naswa, wewe simulia tu, bora usiniongezee chumvi."

Chumvi siongezi. Naonja tu.

Beldina na mume wake Calvince wanakaa mlango wa tatu kwenye ploti yetu. Mimi niko wa nne. Ukuta wetu ni mmoja, na fundi aliyeujenga alikuwa anaihurumia simiti. Mtu akipiga chafya kwao, mimi huku nasema pole.

Calvince ni fundi wa friji, mtu mpole, mikono mikubwa. Beldina naye ana chaneli mtandaoni inaitwa Jikoni na Bel.

Ilianza na kisu. Alijirekodi akisema, "Wapendwa, kama unakata nyanya na kisu cha kitunguu, jikoni bado hujafika." Basi! Watu wakampenda.

Baada ya hapo kila wiki kulikuwa na kifaa kipya ambacho huwezi kuishi bila. Mkasi wa mboga wenye makali matano. Kipimajoto cha kudunga nyama. Eyafraya ya kukaanga bila mafuta. Vikombe vya kupimia unga, vidogo kama vya mwanasesere. Kitu cha kutoa mbegu kwa pilipili, eti mbegu zinaharibu sura.

Mimi mwenyewe nilinunua kile cha kukata yai vipande. Sijakata yai hata moja. Mwanangu Naswa ameona zile nyaya, anakipiga muziki kama nyatiti.

Lakini kipenzi chake kilikuwa miko ya silikoni, seti nzima, rangi ya waridi. "Mwiko wa mti ni nyumba ya wadudu," Beldina aliambia watu. "Tupeni!" Na watu wakatupa. Siku hiyo pipa la ploti lilijaa miko mpaka nikadhani kuna harusi imevunjika.

Sasa, mwisho wa kila video kulikuwa na chakula. Na hapo tuseme ukweli, chakula kilikuwa chakula. Samaki ngege amekaangwa akakauka vizuri, akarudishwa kwenye nyanya. Mboga ya osuga imelala kwenye maziwa. Na ugali! Laini, mviringo, na juu yake katikati kibonde kidogo, kama kitovu cha mtoto.

"Dada Bel, hicho kitovu ni cha nini?" watu wakauliza.

"Ni cha kupumulia," akajibu. "Ni mbinu ya kisasa."

Uongo huo. Beldina hajui kupika.

Sisemi anapika vibaya. Nasema hajui. Kwao Gem yeye ni kitindamimba, mbele yake kuna dada sita, na kila akishika mwiko kulikuwa na dada wa kumnyang'anya. Akakua hivyo. Chai anajua, tena ukimwekea majani mwenyewe.

Mpishi alikuwa Calvince.

Najua kuna mtu wa Nairobi anasoma hapa anasema, kwani kuna shida gani? Shida iko, ndugu yangu. Hapa kwetu ziwani mwanamume anaweza kula hotelini chakula cha mwanamume mwenzake aliyevaa kofia nyeupe, na akamsifu. Lakini nyumbani kwake akionekana ameshika mwiko, kwisha. Watasema amekaliwa chapati. Watasema bibi amemwekea kitu kwa chai.

Na kwao Calvince, huko nyuma ya soko la Otonglo, ndiyo mbaya zaidi. Kuna mzee wa ukoo anaitwa Jaduong' Obiero. Mzee huyu anaamini hata mvua ilipungua kwa sababu ya wanaume kuingia jikoni. Nimemsikia na masikio yangu.

Kuna binamu yake Calvince, Oduor, aliyewahi kupatikana akiosha omena, hao dagaa wa ziwani. Kuosha tu! Bibi alikuwa amejifungua. Mpaka leo Oduor akisimama kuongea kwenye kikao cha ukoo, mtu anakohoa na kuuliza, "Huyo wa omena anasema nini?" Watu wanacheka, anakaa chini. Hata shamba la baba yake linapojadiliwa, yeye hana neno.

Calvince alikuwa akishuhudia hayo yote. Kwa hiyo alikuwa anapika pazia limeshuka na redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Mimi nilijua kitambo. Kwanza harufu. Pili spana.

Kila nikibisha saa ya chakula, mlango ulifunguliwa na Calvince, jasho linamtoka, spana mkononi. "Nafiksi mfereji, Mama Naswa."

Mfereji gani huo unaharibika kila jioni? Na fundi wa mfereji anatoa wapi unga kwenye kiwiko? Lakini nilinyamaza. Mambo ya ndoa ya watu ukiyashika yanakuchafua mikono.

Na mnajua alikuwa anapikia nini? Sufuria moja nzito, nyeusi chini. Kisu kimoja chenye mpini umefungwa na raba ya tyubu ya baiskeli. Mwiko wa mti aliokuja nao kutoka kwao. Hivyo vifaa vya rangi ya waridi vilikuwa vimepangwa pembeni, vinangoja kupigwa picha.

Basi Mzee Odongo akafariki. Huyo alikuwa baba mkubwa wa Calvince, mzee aliyekula chumvi mpaka chumvi ikamchoka, akaenda usingizini bila kusumbua mtu. Matanga ya mzee wa namna hiyo, hapa kwetu, watu wanakuja kula.

Simu ikaingia kutoka kwa Mama Turfosa, mamake Calvince. Mama Turfosa anauza samaki kando ya barabara pale Otonglo, na ana sauti inayosimamisha lori. Simu haikuwa kwa spika, lakini nilisikia kila neno. Msinilaumu, laumuni fundi wa ukuta.

"Nyar Gem!" Ndivyo anavyomwita, binti wa Gem.

"Mama, habari ya huko."

"Huku tuko na kazi. Sikiza. Kina mama wa kikundi wamekuona kwa simu, wote. Wanasema bibi ya kijana wangu ni mwalimu wa jikoni."

"Aki Mama, ni Mungu tu."

"Basi ugali ya wageni ni yako. Nimeshasema na imepita. Ukuje na hizo vyombo zako zote, wazione."

Simu ikakatwa.

"Calvince! Nimekufa!"

"Aliyekufa ni Mzee Odongo," Calvince akasema. "Wewe utapika tu."

"Nitapika na nini? Wewe waambie ukweli. Sema ni wewe unapika."

"Bel, nikisema hivyo hata jembe la kumzika baba mkubwa hawatanipa nishike. Umesahau Oduor?"

Hakuwa amesahau. Na Beldina, pamoja na maneno yake yote ya mtandaoni, anampenda mume wake. Nilimsikia akipenga kamasi. Halafu akasema, "Haya. Nifundishe."

Jamani.

Ugali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa mawe. Wa tatu walimwaga nje, kuku wangu akaja, akauangalia, akaugeuzia mgongo na kwenda zake.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda nikabisha. Calvince akafungua, spana mkononi.

"Weka hiyo spana chini, shemeji," nikamwambia. "Mimi najua. Wacha tumsaidie huyu."

Aliiweka taratibu kama polisi amemwambia ainue mikono. Kuanzia hapo tulikuwa watatu kwenye siri. Tulimfundisha Beldina mpaka unga ukaisha dukani kwa Wechuli. Mwisho wake aliweza kusonga ugali wa watu wawili, na hata hao wawili lazima wawe wanampenda.

Siku ya mazishi tukaenda. Mimi nilienda kama jirani, na kama mtu ambaye hangekubali kusimuliwa.

Boma lilikuwa limejaa. Hema mbele, wazee kwenye viti vya mbele, Jaduong' Obiero katikati kabisa na fimbo yake, askofu kando yake. Oduor wa omena alikuwa mwisho kabisa, peke yake, karibu na jenereta.

Nyuma ya nyumba ya Mama Turfosa kulikuwa na jiko lake la mabati, meko ya mawe matatu, na juu yake sufuria ambayo mtoto wa darasa la pili angeoga ndani na bado nafasi ibaki. Maji yalikuwa yameshawekwa.

Mama Turfosa alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, mikono kifuani. Huyu mama alizaa wavulana watano na hakupata msichana hata mmoja. Ndiye mwenye maneno makali kuliko wote kuhusu wanaume na jiko.

"Mwanaume akiingia hapa," aliambia kila aliyepita, "natoa yeye na ukuni ya moto!"

Beldina akatandika leso, akapanga vifaa vyake. Akina mama wakakusanyika, simu juu. Nakwambia alionekana malaika. Aproni nyeupe, kucha zimepakwa rangi ya waridi ifanane na miko.

Akadunga kipimajoto kwenye maji. "Tunangoja yafike kiwango chake," akasema.

"Sisi huangalia kama yanachemka," mama mmoja akasema, kwa heshima kabisa.

Akachukua kikombe cha kupimia, akachota unga. Akamimina. Akachota tena. Akamimina.

"Dada," mama huyo akauliza, "unga tuko nayo gunia. Tutamaliza Krismasi?"

Watu wakacheka. Beldina akacheka pia, lakini macho yake yalikuwa yananitafuta mimi. Akaacha kikombe, akashika gunia, akamwaga.

Akamwaga mno.

Ugali ukaanza kupiga mapovu na kutupa matone ya moto. Mabonge yakaibuka juu kama vichwa vya viboko. Beldina akanyakua mwiko wa waridi mrefu kuliko yote, akausukuma ndani kwa nguvu zake zote.

Hayo mengine nimeshawaambia. Mwiko ukapinda, kichwa kikang'oka, kikazama.

"Hiyo kitu imeingia kwa ugali?" Mama Turfosa akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Ndiyo, Mama."

"Na itatokea kwa sahani ya nani?"

Wote tuligeuka tukaangalia kule hemani, alikokaa askofu.

Saa hiyo hiyo Calvince akatokea na mzigo wa kuni na shoka begani. Hakuna aliyemtuma kuni. Akaziweka, akapita karibu na Beldina, akanong'ona, "Punguza moto."

Akaondoka. Akarudi na kuni zingine. "Punguza moto, Bel. Vuta ukuni."

Akaondoka. Mara ya tatu mama yake akamtazama kuanzia viatu mpaka shoka. Nikasema kwisha, ameshaona.

Mama Turfosa akainuka.

"Tokeni," akasema. "Wote. Nataka kuongea na huyu mtoto."

Akina mama wakaangaliana. Wakatoka.

"Na mimi?" nikauliza. "Nimeshika mboga."

"Hata wewe mtu wa Busia. Toka na mboga yako."

Nikatoka. Mlango wa mabati ukafungwa nyuma yangu. Yaliyotokea ndani nayajua kwa sababu Beldina alinieleza baadaye, tena mara nyingi, kila mara akilia mahali pale pale.

Alipiga magoti. Akaanza, "Mama, nisamehe, mimi..."

Mama Turfosa alichukua kijiti, akavua kile kichwa cha waridi kutoka kwenye ugali, akakitupa kwenye ndoo. Halafu akafungua mlango kidogo, akatoa ile sauti yake ya lori.

"Calvince! Leta kuni!"

Calvince akaingia na shoka lake, uso umemshuka. Mama akafunga mlango kwa komeo. Akanyoosha mkono juu kwenye mbao za paa, akatoa mwiko wa mti mweusi kwa moshi, mrefu kama kasia.

Beldina alifikiri anaenda kupigwa. Akafunika kichwa.

Mama akampa Calvince.

"Anzia upande ya huko," akamwambia. "Vile nilikufundisha."

Beldina akakaa chini juu ya kuni.

Calvince aliweka shoka kando, akakunja mikono ya shati, akaingia kazini. Akavunja yale mabonge moja moja kwenye ukingo wa sufuria. Akaongeza maji kwa kopo. Akasonga kutoka chini kuja juu, mgongo umenyooka, bila haraka, na ugali ukaanza kumtii.

"Mama," Beldina akasema, "kwani unajua?"

"Yawa! Nimejua kutoka video ya kwanza. Ile ugali iko na kitovu. Hicho kitovu ni ya nyanya yangu, na mimi sijaonyesha mtu mwingine dunia hii isipokuwa huyu."

Na akaeleza, huku akivuta kuni. Alikuwa na wavulana watano na mume aliyefanya kazi mbali. Samaki lazima wauzwe mpaka giza. Akirudi nyumbani anapata watoto wanalilia njaa na yeye hawezi kuinua mkono. Basi akamchagua mwenye mikono mikubwa, akafunga mlango, akamfundisha.

"Nikamwambia, mtu akibisha, tupa mwiko, shika shoka. Sema unapasua kuni."

Calvince hakuinua macho kwenye sufuria. "Mjini hakuna shoka," akasema. "Nashika spana."

Beldina akacheka na kulia pamoja, hajui kipi kiko mbele.

"Lakini Mama, wewe ndiye unasema mwanamume akiingia jikoni utamtoa na ukuni wa moto!"

"Na nani atakuja kuchungulia jiko ya mama anasema hivyo?"

Beldina akapangusa macho.

"Saa kwa nini ukaniita mimi nipike?"

"Nilijua kufika saa hii amekufundisha. Video zote hizo, yawa! Calvince, ulishindwa?"

"Mama, nimejaribu."

Sisi huko nje hatukujua lolote. Tulisikia tu Mama Turfosa ameanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ya kutisha, na ndani kuna kitu kinagonga sufuria, du, du, du. Tukadhani Beldina anaombewa. Tukaitikia.

Mlango ukafunguliwa. Calvince akatoka wa kwanza, shoka begani, amelowa jasho. Nikaona kiwiko. Unga. Nikapita karibu naye nikaupangusa na leso yangu.

Kisha ugali ukatoka. Sinia baada ya sinia, laini, mviringo, moshi unapanda, na kila mmoja na kitovu chake. Akina mama wakapiga vigelegele.

Wazee wakanawishwa, wakala. Unajua chakula kikiwa kizuri hema linakuwa kimya? Lilikuwa kimya. Askofu alivua koti.

Jaduong' Obiero alimaliza, akalamba kidole kimoja kimoja, akaomba maikrofoni.

"Watu wangu," akasema, "leo nimekula ugali."

Makofi.

"Nasema huu ni mkono wa mwanamke! Ugali kama huu mwanaume hawezi kupika, hata umpe maisha mawili. Vijana, mnaona? Ndiyo maana tunawaambia mkae mbali na jiko. Mkiingia huko mtaharibu chakula na mtaharibu ukoo."

Wazee wakaitikia. Calvince alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Huyo bibi ya Calvince asimame. Nasikia ni mwalimu wa vyombo. Aambie wasichana wetu, kati ya vyombo vyote vya jikoni, gani inashinda zote?"

Beldina akasukumwa mbele na akina mama. Maikrofoni ikawekwa mkononi mwake. Simu zikainuliwa kila upande. Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Angesema neno moja tu, mwiko, kisu, chochote, na jina lake lingefika mpaka Homa Bay na jina la mume wake likabaki salama.

Akamwangalia Calvince. Calvince akatikisa kichwa kidogo sana, kumaanisha, usithubutu.

Akaangalia mbele zaidi, akamwona Oduor kule kwa jenereta, amekaa peke yake na sahani yake magotini.

"Jaduong'," Beldina akasema, "mimi sijui kupika."

Watu wakacheka, wakifikiri ni unyenyekevu.

"Nasema ukweli. Zile video, mimi nashika tu vyombo. Leo mwiko wangu umevunjika ndani ya ugali wenu, kina mama wameona. Hata nusu ya hivyo vifaa mimi sijui kazi yake. Nimewaambia watu watupe vitu vyao vizuri, wanisamehe."

Kicheko kikaisha. Simu zilikuwa bado juu, zinarekodi.

"Kama si wewe," Jaduong' Obiero akauliza, "ni nani amepika?"

"Hiyo siwezi kusema."

"Mtoto, nimekuuliza."

"Nimesikia, Jaduong'. Nichekeni mimi tu. Jina la huyo mtu sitoi."

Hapo ndipo nilipomwona Calvince akisimama. Alipita katikati ya viti vya wazee, mtu mpole yule, akafika kwa bibi yake na kuchukua maikrofoni polepole.

"Ni mimi," akasema. "Na hata nyumbani ni mimi. Kila siku."

Hata jenereta nilidhani imezimwa.

Fimbo ya Jaduong' Obiero ilianza kuinuka. Lakini kabla haijafika juu, sauti ya lori ikatoka upande wa jikoni.

"Na mimi ndiye nilimfundisha! Akiwa mdogo! Nyinyi mmekula mkono wake hapa kwangu tangu mazishi ya baba yake, na mkasema Turfosa anajua kupika. Asiyetaka ugali ya mwanaume, arudishe yake saa hii!"

Kila mtu akaangalia sahani yake.

Sahani zilikuwa zimepanguswa kama zimeoshwa. Askofu alikuwa ameshika tonge la mwisho. Akalitazama, akamtazama Jaduong', akalitia mdomoni.

Ndipo kule nyuma kwa jenereta mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kujiandaa.

"Huyo wa ugali," Oduor akauliza, "anasema nini?"

Wacha hema lipasuke! Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Akina mama walishikana. Calvince mwenyewe alicheka mpaka akachuchumaa, na Oduor akaja mbele, mara ya kwanza kwa miaka, wakakumbatiana mbele ya ukoo mzima.

Jaduong' Obiero peke yake hakucheka. Aliangalia sahani yake tupu. Akaangalia fimbo. Akailaza chini.

"Calvince."

"Naam, Jaduong'."

Mzee akainama, akashusha sauti, lakini alikuwa amesahau kwamba maikrofoni iko karibu.

"Ule ukoko wa chini ya sufuria," akasema, "umebaki?"

Siku hizi pazia la mlango wa tatu liko wazi. Calvince anapika, Beldina anashika kamera na kuuliza maswali, na wanagombana mbele ya watu kuhusu chumvi. Wafuasi wengine walihama wakimtukana. Wengi wamebaki. Ile miko ya waridi wameigawa kwa watoto wa ploti, wanachezea nayo mchanga, na mchangani haipindi.

Funzo? Nitawaambia, kwa sababu najua mmesoma mpaka hapa mkitafuta vifaa.

Nunua kisu kimoja kinachokata na ujue kukinoa. Nunua sufuria nzito, haitakuunguzia. Kibao, chujio, karai la kukaangia samaki. Mwiko uwe wa mti mgumu, na mtu yeyote mtandaoni asikudanganye uutupe. Hivyo vingine ni mapambo, nunua ukiwa na kabati. Lakini jikoni kwako ukikosa mtu anayejua kupika, au ukiwa naye na umemfungia pazia kwa ajili ya mdomo wa ukoo, hata ununue duka zima bado utalala njaa.

Mume wangu amesoma hii kabla sijaiposti. Amekohoa.

Halafu akaniuliza kama kwa bahati tu, huku anaangalia kwingine, eti ndani ya nyumba hii, chumvi huwa tunaweka wapi.